Laini Ilipopita kwa Niyonsaba

Kamanda wangu, sogea hapa usome na mimi.

Hizi barua ni zangu na za dada yangu Josepha. Mimi naitwa Ildefonce, miaka ishirini na tatu, fundi. Usiniulize nilisomea wapi. Nikiwa darasa la tano niliifungua redio ya marehemu baba, nikachapwa, nikaifunga ikaimba tena. Hicho ndicho chuo changu. Najua unajiuliza zama hizi nani anaandika barua. Sisi wa kitongoji cha Mugombe, huku Rungwe Mpya. Mnara wa simu uko mlima wa pili na unakula dizeli. Dizeli ikikata, mtandao unaondoka wiki mbili, tatu. Simu zenyewe tunachaji kwa Badru dukani, na sola ya Badru ikikuta mawingu inakuwa kioo cha kunyolea. Kwa hiyo barua zetu zinapanda Fuso la Athuman, anayebeba mahindi kutoka huku Kasulu kwenda Kibondo, na majibu yanarudi na Fuso hilohilo.

Mambo mawili uyajue mapema. La kwanza, Niyonsaba. Huyo ni mtoto wa dada. Aliishi miezi mitano, homa ikamchukua. Baba yake alisharudi Burundi bila kuaga. Kwetu mtoto mchanga anazikwa nyuma ya nyumba, mgombani, hakuna saruji wala msalaba. Yake yalikuwa mawe matatu, wanaojua ni wa nyumbani na majirani waliokuja kuzika.

La pili, kwetu habari mbaya haiandikwi. Mtu anaitwa nyumbani, anakalishwa, anapewa maji anywe, ndiyo anaambiwa. Ukimwandikia umemuua akiwa peke yake ugenini. Ndivyo tulivyolelewa, mimi na dada.

Nimezipanga kwa tarehe. Sijafuta neno.

*

Kibondo, 4 Februari 2024

Mdogo wangu Ilde,

Mwakeye huko nyumbani. Mimi mzima. Ile kazi ya hoteli ilikufa siku ya tatu: mwenye hoteli alitaka nilale jikoni na funguo akae nazo yeye. Nikabeba mfuko wangu. Sasa napika kwenye kambi ya mkandarasi, hawa wanaojenga laini ya umeme. Wanaume thelathini na wanane, ugali maharage, Jumapili nyama. Ukutani kwenye jiko wamebandika bango la nishati safi ya kupikia, mama mmoja anacheka mbele ya jiko la gesi. Bango limeshakuwa jeusi kwa moshi, mama wa watu amebaki meno tu. Kuni zinaletwa na trekta, miyombo mibichi inayolia ikiungua. Macho yananiuma ila nakula.

Kuna mpima mmoja anaitwa Lusajo, mtu wa Mbeya. Ananiita dada na kwa umri ananizidi. Tukitoa sahani yeye anatandika ramani yake kubwa mezani. Jana nikamuuliza Mugombe iko wapi humo. Alitafuta weee, mwisho akasema haimo. Laini inayokwenda Kasulu inapita ng'ambo ya mto, kilomita mbili toka kwetu. Nakwambia mimi ili usije ukasikia kwa watu wakakucheka.

Nisalimie mama. Na Niyonsaba usimsahau. Mwezi huu angetimiza miaka mitatu. Mvua hizi magugu yanapanda haraka pale mgombani. Palilia kwa mkono, usitumie jembe.

Dada yako,
Josepha

*

Mugombe, 13 Februari 2024

Dada Josepha,

Haimo kwenye ramani? Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Sisi watu mia sita hatumo, ila mto umo, hata mto ambao kiangazi unauruka bila kuvua viatu umo.

Dada, sikiliza. Juzi redio ilirusha mambo ya bungeni. Wanasema nchi inakaribia kuwa na umeme mwingi kuliko inaoutumia, bwawa kubwa likikamilika mitambo mingine itapumzishwa. Itapumzishwa! Mashine zinapewa likizo na mimi hapa nasoma kitabu cha fizikia cha kidato cha tatu kwa kibatari. Kitabu chenyewe panya wamekula kurasa za mwanzo, kwa hiyo umeme naujua kuanzia katikati.

Na unajua nimefunga wayaringi nyumba kumi na nne. Mwaka juzi kwenye mkutano tuliambiwa nyumba isiyo na wayaringi itarukwa. Watu wakauza mbuzi, wakanunua waya, wakaniita. Mzee Pasikali aliuza hadi baiskeli. Soketi ziko ukutani mpaka leo, kuku wanazidonoa wakidhani ni punje. Kila nikipita mtu ananiuliza, fundi, vipi. Nawaambia bado kidogo. Nimesema bado kidogo mpaka mdomo umeota sugu.

Sasa wewe unapika pale. Unampakulia huyo Lusajo kila siku. Mwambie aikunje. Laini siyo reli, dada, laini inakunjika, kona moja tu na nguzo nane za ziada. Nimepiga hesabu kwenye mchanga. Umeme ukifika nafungua karakana ya kuchomelea, mageti, vitanda, matela ya baiskeli, na wewe unaacha kupikia wanaume wa watu, unarudi. Zungumza naye. Mwongezee nyama.

Niyonsaba salama. Nimepalilia kwa mkono.

Mdogo wako,
Fundi Ilde

*

Kibondo, 2 Machi 2024

Ilde,

Nimezungumza naye. Na nyama nimemwongezea, ushenzi wako umenifuata mpaka huku.

Nilimweleza yote. Zile nyumba kumi na nne, baiskeli ya mzee Pasikali, kuku na soketi. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akachukua penseli. Kumbe ng'ambo kule kuna mwamba unaowasumbua, alikuwa anatafuta sababu ya kuukwepa. Ameikunja. Laini itavuka mto, itapita bondeni chini ya shamba la mzee Pasikali, kisha irudi barabarani. Kwetu nyumbani haikanyagi. Nilihakikisha, nilimwonyesha kwa kidole changu mwenyewe.

Ila kuna jambo. Aliniuliza kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie: "Dada, njia hiyo ina makaburi?"

Nikamwambia bondeni hapana, ni magimbi tu. Akasema likitokea kaburi hata moja kazi inasimama. Anaitwa afisa afya, ndugu wanaandika barua za kukubali, kibali kinakwenda wilayani, miezi inakatika. Bosi wake hangojei miezi. Atapasua mwamba na laini itarudi ng'ambo.

Mengine kuhusu hiyo laini tutaongea nikija. Usitangaze sana kwa watu. Tulia, mdogo wangu, wewe ukifurahi huwa unapiga kelele kama sufuria tupu.

Dada yako,
Josepha

*

Mugombe, 21 Machi 2024

Dada,

Wamekuja! Vigingi vimepita, vyekundu kichwani, vinapendeza kama maua. Watoto wanavisalimia. Jirani yetu mama Zaitun amefua mapazia kungoja taa. Mzee Pasikali kanikumbatia mbele ya watu, na unamjua mzee Pasikali hajawahi kumkumbatia hata mkewe.

Njia ilibadilika kidogo kwa sababu ya tope, mambo ya kitaalamu, usijali. Kiongozi wa wachimbaji anaitwa Raymond, mtu fresh sana, ananiita fundi mwenzangu.

Niulizie kitu kimoja kwa Lusajo. Laini hii ni msongo mkubwa, nimeona vile vikombe vya nguzoni, siyo vya kuingiza nyumbani moja kwa moja. Transfoma ya kuushusha itakaa wapi? Mimi naona pale shuleni panafaa. Kurasa za transfoma kwenye kitabu ninazo, panya hawakuzifikia.

Niyonsaba hajambo.

Ilde

*

Kibondo, 10 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Lusajo amehamishiwa Kakonko, kwa hiyo sina wa kumuuliza vizuri. Hayo ya transfoma yana watu wake na mipango yake. Wewe usikimbilie kukopa mashine ya kuchomelea. Nasema hivyo kwa wema. Usikope, na usiwaahidi watu tarehe.

Umeandika njia ilibadilika. Ilibadilika kwenda wapi? Athuman nimemuuliza, anasema yeye anaona vigingi vya barabarani tu. Mama mbona hajaniwekea neno kwenye barua? Siku zote huwa anakwambia uandike chochote, hata kuniambia nivae sweta.

Nijibu hilo la njia.

Josepha

*

Hii inayofuata, kamanda, niliandika ila haikupanda Fuso.

Mugombe, 29 Aprili 2024

Dada,

Nakuandikia hii na najua sitaituma.

Bonde lilikuwa uji. Raymond alichomeka fimbo ikazama mpaka kwenye mkono wake, akasema nguzo hapa itasimama kama mlevi. Wakapandisha vigingi juu kwenye udongo mgumu. Kimoja, kingine, kingine. Cha saba kikaangukia mgombani kwetu. Hatua moja kutoka kwenye mawe yake. Nimeipima mara nyingi hiyo hatua. Ni moja.

Walisema watarudi kuchimba baada ya wiki tano. Nilikuwa na wiki tano za kukuita nyumbani, nikukalishe. Kila asubuhi nasema leo. Halafu natoka, nakutana na mama Zaitun na mapazia yake.

Siku Fuso lao limetokeza barabarani nilikimbia nyuma ya nyumba, nikayang'oa yale mawe matatu. Nikayasukumia kwenye msingi wa banda la mbuzi. Nikakanyagakanyaga pale yalipokuwa, nikatupia majani ya mgomba.

Raymond akashuka, akanivuta pembeni. Siyo mtu mbaya. Akaniuliza: "Dogo, hapa hakuna mtu amelala?"

Nikasema: "Hakuna."

Na nyuma yangu walikuwepo majirani, dada. Wote wa zile nyumba. Mzee Pasikali alikuwepo, yule aliyechimba kwa mkono wake siku tunamzika mtoto kwa sababu mimi nililia nikashindwa jembe. Alikuwa ameshika kofia yake anaichungulia ndani kama amepoteza kitu humo. Hakuna aliyekohoa. Kila mmoja ana soketi ukutani.

Nilijiambia hatua moja inatosha. Shimo la nguzo ni jembamba. Ila sikukumbuka kichwa tulikielekeza wapi, na mvua za miaka mitatu zinasogeza udongo. Walichimba kwa sururu na koleo, mashine ilikwama mtoni. Kwenye kimo cha kiuno koleo likatoka na kitambaa. Cha njano. Ile khanga uliyoikata nusu, nusu ukamfungia, nusu ukabaki nayo.

Mchimbaji alisimama. Raymond akanitazama, akauliza hiki ni nini.

Nikasema ni takataka. Mama huwa anatupa matambaa hapa.

Wakaendelea.

Mama akatokea na mzigo wa kuni kichwani. Aliona udongo, aliona kitambaa juu ya udongo. Aliutua mzigo polepole, akaingia ndani, akatoka na beseni. Akapiga magoti pale kwenye tuta la udongo, akawa anaupekua kwa vidole, kidogo kidogo, kama anachambua mchele. Wachimbaji walidhani anachukua udongo wa kukandika. Mmoja akamwambia, mama, chukua tu, udongo ni bure. Alipomaliza alilifunika beseni kwa kitenge alichovaa begani, akapanda nalo mlimani. Akarudi jua limeshuka, beseni limeoshwa.

Tangu siku hiyo hajanisemesha. Chakula changu ananiwekea kwenye kigoda, anatoka nje.

Sijui amempeleka wapi, dada. Nimefuata ile njia mara nne. Sijaona kitu.

I.

*

Na hii ndiyo niliyoituma. Tarehe ileile.

Mugombe, 29 Aprili 2024

Dada,

Nguzo zimesimama. Watu wamecheza, Badru kagawa soda. Njia imepita vizuri, usiwe na wasiwasi. Mama mzima, ana kazi nyingi shambani, anasema vaa sweta. Niyonsaba salama.

Ilde

*

Mugombe, 3 Septemba 2024

Dada,

Nimekaa miezi minne sijakuandikia na wewe umekaa kimya, tuko sawa.

Mei walivuta nyaya. Juni walikuja wenye kofia za njano, wakapima, wakaondoka. Mwisho wa Julai umeme ukawashwa. Nilijuaje? Nilitega sikio kwenye nguzo. Inavuma. Ukiweka kiganja unausikia unapita humo juu, mwingi, unakwenda Kasulu mjini kuwasha saluni na friji za soda. Unatupita juu ya vichwa kama ndege ya abiria. Sisi chini tuna vibatari.

Nilingoja transfoma. Kila gari likinguruma natoka nje. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili kuandika namba kwenye nguzo kwa rangi. Nikawauliza transfoma inakuja lini. Wakatazamana. Mmoja akasema: "Kaka, hii laini ni ya kupita tu. Nyie hamkuwemo tangu mwanzo."

Unajua sasa wananiitaje? Waziri. Watoto wa shule wakipita wanasimama mstari, shikamoo Mheshimiwa, unawasha lini. Mama Zaitun aling'oa nyaya nilizomfungia, akazifunga kwenye miti miwili, anaanikia yale mapazia. Mzee Pasikali akiniona anavuka barabara. Siyo kwa hasira. Ananikwepa kama mtu mliyeiba naye.

Na redioni bado wanaimba, dada. Mpaka mwaka 2034 watu wanane kati ya kumi watapika kwa nishati safi. Nilikuwa namsikiliza huyo mtangazaji huku mama anapuliza moto wa kuni mbichi, anakohoa, machozi yanamtoka. Nikamwambia mama, miaka kumi tu. Nilitaka acheke. Hakugeuka.

Sina hasira na watu wa mipango. Wale hawanijui. Wangenijua wapi, hatumo kwenye ramani. Nina swali kwako wewe. Ulikula nao, ulipika kwao, uliandika "mengine tutaongea nikija". Uliandika nisikope mashine. Nimeisoma ile barua mara kumi jana.

Ulijua?

Ildefonce

*

Kibondo, 15 Septemba 2024

Mdogo wangu Ildefonce,

Nilijua.

Sikuzungushi. Ile siku Lusajo alipochukua penseli, kabla hajaikunja, aliniambia wazi. Alisema: "Dada, hata nikiileta mlangoni kwenu haitawawakia. Hii ni ya kupita. Za vijiji ni awamu nyingine, na kijiji chenu sikioni kwenye orodha." Nikamwambia ikunje hivyohivyo.

Kwa nini? Nilifikiri waya ukipita karibu, siku moja kiongozi ataona aibu atawashushia. Na nilikuwa na barua yako mfukoni, ile ya kuku na soketi, umeandika kwa haraka mpaka kalamu imetoboa karatasi. Sikuweza kukuandikia hapana. Nikasema habari ya hivi haiandikwi, nitaenda, nitamkalisha. Halafu kambi haikunipa ruhusa mwezi wa tatu, wala wa nne. Kila barua niliyoandika nilianza na hilo, nikachana. Ile ya usikope mashine ilikuwa ya tano. Zile nne nilizichoma jikoni, ziliwaka vizuri kuliko kuni zao.

Kama ningekwambia ukweli Machi, ungelia siku mbili ukaamka. Vigingi vingekuja ukavitazama kama unavyotazama magari ya wakubwa. Usingeitwa Waziri. Wazee wasingekukwepa. Nimekuweka mbele ya watu wote uwe mjinga wao, na nilikuwa najua. Hili nalibeba mimi. Najipa moyo kwamba hukupoteza kitu kisichorudi: waya, kazi yako, na jina, na jina litasahaulika wakipata mwingine wa kumcheka.

Kambi imefungwa. Mkandarasi anahamia mbele, wapishi tumeambiwa asanteni. Macho yangu nayo hayako sawa, mganga wa zahanati anasema ni moshi. Nakuja. Ijumaa tarehe 27, na Athuman. Nataka nikuombe samahani mbele ya mama, kwa mdomo wangu, siyo kwa karatasi.

Kisha uniache nikakae na mwanangu. Hilo ndilo lililonishikilia miezi yote hii huku. Kila nikilemewa najiambia angalau kuna mtu anampalilia kwa mkono. Watu wananiuliza huna mume, huna nini, unategemea nani. Nawaambia nina mdogo wangu.

Dada yako,
Josepha

*

Leo ni Alhamisi, kamanda wangu. Kesho ndiyo hiyo Ijumaa.

Barua hii nilimsomea mama jana. Hasomi, na sikuwa na haki ya kuificha. Nilisoma yote, mpaka lile neno la mwisho, nina mdogo wangu. Mama alikuwa anamenya mihogo. Alimaliza ule aliokuwa nao mkononi. Halafu akanisemesha, mara ya kwanza tangu Aprili.

"Ukimwambia wewe, kwa mdomo wako, mimi nitamshika mkono nimpeleke alipo. Usipomwambia, mahali hapo nakufa napo."

Akachukua muhogo mwingine.

Nimeenda kwa mzee Pasikali. Nilidhani ataniambia la mtu mzima. Alisema dada yako anakuja na hatia yake, mpokee, mpe maji, msamehe, atafurahi, wewe utapumzika, mtoto hajui chochote. Alisema hata yeye angelala vizuri. Halafu akaniuliza kama siku wakileta transfoma zile nyaya zake bado zitafaa. Niliondoka bila kuaga.

Na ujue kwamba inawezekana kabisa. Ndiyo inayonitisha. Naweza kuyatoa mawe msingini, nikayapanga tena hapo mgombani, hatua tatu pembeni mwa nguzo. Dada macho hayaoni vizuri. Atakaa pale, ataongea na udongo mtupu, ataniombea baraka. Nguzo nitamwambia ilisogezwa na wataalamu. Majirani hawatasema, wameshazoea kutosema. Yeye atabaki na mdogo wake, mimi nitabaki na dada. Ila Niyonsaba atabaki huko mlimani na bibi yake peke yake, na bibi ameshapita miaka sitini.

Au nimkalishe. Nimpe maji. Nimwambie nilisema takataka.

Kuna saa nampigia kelele kichwani. Namwambia wewe ndiye uliyeikunja hiyo laini, ulijua haituwakii, ukaileta, mimi ningefanya nini. Ni kweli, angeniambia mapema nisingegusa jiwe hata moja. Halafu nakumbuka na yeye, angejua kigingi cha saba kiko wapi, angekuja kwa miguu toka Kibondo kuking'oa kwa meno.

Fuso linafika saa nane mchana. Atashuka, atanishika mikono yote miwili, ataanza yeye, kwa sababu mkubwa ndiye anayeanza. Ataniomba samahani. Nikiipokea, sitaweza tena kusema. Nikiikataa, ataniuliza kwa nini.

Ungekuwa wewe umesimama pale barabarani, kamanda, mikono yako iko ndani ya mikono yake, ungefanyaje?